Kujipanga bila mkubwa katika mitaa ya mabanda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila tunapokaa na wakazi wa mitaa ya mabanda kuzungumzia uanakisti, hasa hapa Nairobi. Mengine yanaulizwa kwa hasira, mengine kwa woga, na yote yanastahili jibu la moja kwa moja. Pale ambapo sheria imetajwa, ni sheria ya Kenya. Pale ambapo mfano bora uko nje ya Kenya, tumeufuata huko huko.

Uanakisti ni nini? Si ni fujo tu?

Uanakisti ni msimamo kwamba watu wanaweza kuendesha maisha yao pamoja pasipo mmoja kukaa juu ya mwenzake. Hautaki dola inayotawala kwa rungu, wala tajiri anayemiliki ardhi ambayo maelfu wanailalia. Utaratibu unatakiwa, tena mwingi, lakini utoke kwa wale watakaoishi nao. Mwanakisti akiingia kwenye kikao chochote huuliza kwanza: hapa anaamua nani, na tukimkataa anaondokaje?

Kuhusu fujo, watu wa mabanda wanazijua kuliko anayeuliza. Tingatinga linaloingia alfajiri watoto wakiwa bado wamelala, huku kanjo, yaani askari wa jiji, wakirusha masufuria ya watu kwenye mtaro, hizo ndizo fujo.

Kwa nini mitaa ya mabanda hasa?

Kwa sababu huku serikali ina misimu miwili: wa kura na wa kubomoa. Maji ya mfereji, mtaro wa majitaka, njia ya kupitisha gari la zimamoto, vyote huchelewa au havifiki kabisa. Pengo hilo wakazi wamelijaza wenyewe. Akina mama wana vyama vyao vya kupokezana pesa, vijana wanazoa taka ploti kwa ploti (ploti ni nyumba zinazotumia ua mmoja), na mtu akifiwa daftari la mchango limeshazunguka milango yote kabla ya jioni. Uwezo wa kujiendesha upo. Kinachopungua ni nguvu ya pamoja ya kumzuia mtu wa nje asituamulie.

Angalia historia. Mei 1990 Muoroto, mtaa wa mabanda hapa Nairobi karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, ulibomolewa na wakazi wakakabiliana na askari ana kwa ana. Novemba 2011 ikawa zamu ya Mitu-Bell, kijiji kilichopakana na uwanja wa ndege wa Wilson, ingawa mahakama ilikuwa tayari imetoa amri ya kuzuia. Mei 2020, katikati ya korona na mvua za masika, maelfu walitolewa Kariobangi, hapo pia amri ya mahakama ikiwepo. Mei 2024, maji ya mafuriko yalipokuwa hayajakauka, nyumba za kando ya mto Mathare na Mukuru zikaangushwa, na walioangushiwa wakaahidiwa shilingi 10,000 kila kaya. Serikali zilibadilika, marais walibadilika, na tingatinga likaendelea kuja.

Hili si jambo la wazungu?

Jina limetoka Ulaya. Jambo lenyewe lina wenyewe huku pia. Nigeria ilikuwa na jumuiya ya wanakisti ya Awareness League miaka ya 1990, ambamo Sam Mbah alikuwa mmoja wa waliojulikana zaidi, na alishikilia kwamba jamii nyingi za Afrika, Waigbo miongoni mwao, ziliishi vizazi na vizazi bila mfalme wala dola. Afrika Kusini ina Zabalaza, jumuiya nyingine ya wanakisti, iliyoanzishwa Mei mosi 2003, ambayo wanachama wake walifanya kazi katika vitongoji vya Soweto.

Tahadhari moja tu. Mabaraza ya wazee wetu wa zamani hayakuwa pepo. Mara nyingi mwanamke hakuwa na sauti, na kijana alingoja mpaka azeeke. Tunachukua desturi ya kuketi chini na kuzungumza hadi jambo liive, lakini kumfungia mtu mdomo kwa sababu ya jinsia au umri hatuchukui.

Nyumba Kumi si ndiyo hii hii?

Swali zuri, kwa sababu kwa mbali vinafanana. Mfumo wa nyumba kumi kumi ulianzia Tanzania chini ya chama tawala cha TANU miaka ya 1960, na Kenya ikauchukua mwaka 2013 kama mpango wa usalama. Kipimo ni hiki: habari zinaenda wapi? Katika Nyumba Kumi ya serikali, zinapanda kwa chifu, na kutoka kwa chifu zinapanda zaidi. Jirani anageuzwa jicho la kumtazama jirani. Katika baraza la wakazi, habari hurudi kwa waliozitoa, na mwakilishi akijisahau anaondolewa na majirani zake wiki hiyo hiyo.

Kugawana kwa vikundi vidogo vya milango kumi au ishirini ni njia nzuri sana. Hatuna sababu ya kuiacha eti kwa kuwa serikali nayo inaitumia.

Baraza lisilo na mwenyekiti wa kudumu linaendeshwaje?

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kikao cha ploti kwanza. Watu kumi na tano, ishirini, Jumapili alasiri, kwenye uwazi kati ya nyumba, viti vya plastiki kwa wenye umri na mitungi iliyopinduliwa kwa waliobaki. Saa ina maana kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Ukiita kikao saa kumi na mbili jioni, umewafungia nje mama mboga aliye kwenye biashara na msichana aliye kwenye foleni ya maji, kisha utashangaa kwa nini wanaume watatu ndio wanaoamua kila kitu.

Mtu mmoja anaongoza mazungumzo siku hiyo, na siku nyingine anaongoza mwingine. Kazi yake ni kutoa zamu na kumkumbusha aliyezungumza mara tatu kwamba wako ambao hawajafungua mdomo. Lugha ni Kiswahili au Sheng, ile ambayo kila mtu pale anaielewa. Wawili wakianza kunong'ona kwa lugha ya nyumbani, kikao kinasimama hadi waseme walichokisema. Hilo halitokani na kuchukia lugha za watu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Mathare na Kibera zilichanwa vipande kwa ukabila, na deni la kodi la mpangaji likageuka vita vya makabila. Kikao kinachoacha minong'ono ipite kinaweka kuni kavu kando ya moto.

Kisha ploti hutuma mjumbe kwenye kikao cha mtaa mzima. Mjumbe huyo amebeba maneno ya waliomtuma, hana mamlaka yake mwenyewe. Likizuka jambo jipya ambalo hakutumwa kulisemea, anasema wazi, «nitarudi kuuliza», na kikao kinangoja. Ndiyo, kinachelewesha. Lakini mtu akija na bahasha, hajui ampe nani, maana hakuna mmoja anayeweza kuuza mtaa.

Mambo madogo, kama zamu ya kusafisha mtaro, huamuliwa kwa mikono juu. Mambo mazito, kama kukubali kuhama, kupokea fedha za nje au kusaini karatasi yoyote inayohusu ardhi, hurudi kila ploti kabla ya kuamuliwa, hata kama anayeleta karatasi anasema leo ndiyo siku ya mwisho. Anayesema hivyo aulizwe kwa nini karatasi haikuja mapema.

Na yote yaandikwe. Mwisho wa kikao, yaliyoandikwa yasomwe kwa sauti, kwa sababu wako wasiosoma na wana haki sawa ya kusema «hapo mmeandika vibaya».

Pesa je?

Pesa ndizo zimeua vikundi vingi kuliko polisi. Mchango usiingie kwenye laini ya simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu namna gani, kwa kuwa mwaminifu naye huugua, huibiwa simu, hupatwa na msiba wa ghafla akaazima kidogo akitumaini kurudisha. Watu watatu wasiotoka nyumba moja washike hesabu, na kila mwezi daftari lisomwe mbele ya wote, jina kwa jina, kilichoingia na kilichotoka.

Mashirika yana shida yake. Kuna shirika lililokuja mtaani na nauli ya kikao, mia tano kwa kila anayehudhuria. Miezi michache ikatosha: kikao kisicho na nauli kikawa hakina watu. Mradi ulipokwisha, shirika likaondoka na mabango yake, na mazoea ya kuketi bila malipo, yaliyojengwa kwa miaka, yakawa yameondoka nalo. Hatusemi kila msaada ukataliwe. Wakili wa kujitolea, daktari, tangi la maji, karibuni. Ila ajenda ya kikao haiuzwi, na orodha ya majina yetu haipigwi picha ya kupelekwa kwa mfadhili bila sisi kukubali.

Kuna mahali hili limefanyika kweli?

Mfano tunaourudia sana ni Durban, Afrika Kusini. Machi 2005 wakazi wa mabanda ya Kennedy Road waligundua kwamba kipande cha ardhi walichoahidiwa kwa ajili ya nyumba kinasafishwa ili kijengwe kiwanda cha matofali. Waliingia barabarani wakaifunga, na 14 wakakamatwa. Kutokana na siku ile, baadaye mwaka huo huo, likazaliwa vuguvugu la Abahlali baseMjondolo, ambalo S'bu Zikode alikuwa rais wake wa kwanza. Hawajiiti wanakisti, na hatuna haki ya kuwabandika jina hilo. Lakini namna yao ya kufanya kazi tunaijua: mikutano mirefu ya wazi, maamuzi yanayotoka mtaani, na onyo kwa wasomi na mashirika kwamba wazungumze nao, wasizungumze kwa niaba yao.

Mwaka 2007 jimbo la KwaZulu-Natal lilitunga sheria ya kutokomeza mabanda. Abahlali walipigana nayo hadi Mahakama ya Katiba, na tarehe 14 Oktoba 2009 kifungu chake cha 16, kilichowalazimisha wenye ardhi kuwafukuza watu, kikafutwa. Siku 18 kabla ya hukumu hiyo, usiku wa Septemba 26, watu wenye silaha walivamia Kennedy Road. Watu wawili walikufa, viongozi wakakimbia makazi yao, na waliokamatwa wakawa 12 waliohusishwa na vuguvugu lenyewe. Julai 2011 wote waliachiliwa, kesi imeporomoka.

Tunalisimulia kwa sababu wanaopenda kuhubiri mapambano mara nyingi hawasemi gharama. Mwaka 2014 Thuli Ndlovu, mwenyekiti wa tawi la KwaNdengezi, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake, na madiwani wawili wa chama tawala, ANC, wakahukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji hayo. Kisha eKhenana: eneo lililokaliwa na wakazi huko Cato Manor, likawa na bustani za mboga, kuku, na shule ya siasa waliyoipa jina la Frantz Fanon, mwandishi aliyepinga ukoloni. Mwaka 2022 pekee walizikwa watatu wa hapo, Ayanda Ngila Machi, Nokuthula Mabaso Mei, Lindokuhle Mnguni Agosti. Majina yao yatajwe kila panapozungumzwa kujipanga.

Na hapa Nairobi?

Kuna mengi, na hakuna hata moja tunalolidai ni letu. Muungano wa Wanavijiji ulianza mwaka 1996 kwa kupinga kufurushwa, kisha ukajenga vikundi vya kuweka akiba mtaa kwa mtaa. Bunge la Mwananchi lilikuwa likikutana kwenye bustani ya Jeevanjee, mtu yeyote anasimama na kutoa hoja, awe na suti au kandambili. Kituo cha Haki cha Mathare kilianzishwa na wakazi wenyewe na kikaanza kuandika majina ya vijana waliopigwa risasi na polisi, kazi ambayo hakuna ofisi iliyokuwa inaifanya kwa makini hivyo. Leo vituo vya haki viko pia Kayole, Dandora, Githurai na kwingineko.

Juni 2024 nchi nzima ikaona. Vijana walipinga mswada wa fedha bila chama, bila kabila, bila kiongozi wa kuitwa Ikulu kwa chai. Mswada uliondolewa tarehe 26, siku moja baada ya watu kuuawa kwa risasi nje ya bunge. Wenye kusema kwamba pasipo kiongozi hakuna kinachosonga wana kazi ya kuueleza mwezi ule. Ila tuseme pia lililopungua: barabarani tulikuwa wengi, na tuliporudi mtaani hapakuwa na kikao cha kuturudisha pamoja kila Jumapili. Umati huja na kuondoka. Kikao cha ploti hubaki, na ndiyo sababu tunakisisitiza kuliko maandamano.

Tukisikia tunabomolewa, tufanye nini?

Kwanza, ulizeni karatasi. Sheria ya Ardhi, tangu marekebisho ya 2016, inataka notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya watu kuondolewa. Inataka pia wanaoondoa watu wajitambulishe na waonyeshe idhini, maafisa wa serikali wawepo, watoto, wazee na walemavu walindwe, na wenye nyumba wapewe nafasi ya kwanza kubomoa wenyewe na kuokoa mali yao. Aliyepewa notisi anaweza kwenda mahakamani kuipinga. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao. Na katika kesi ya Mitu-Bell, Mahakama ya Juu iliamua Januari 2021 kwamba watu wasio na ardhi waliojenga maisha yao kwenye ardhi ya umma, japo hawana hati, wana haki ya makao inayopaswa kulindwa.

Pili, orodha. Kabla hata ya notisi, kila ploti iwe na daftari: nani anaishi chumba kipi, tangu lini, watoto wangapi, nani mgonjwa, nani anatumia magongo. Picha za nyumba zikiwa zimesimama ziwekwe kwenye simu za watu kadhaa. Siku ya kesi, mtaa usio na orodha huambiwa ni wavamizi waliokuja juzi. Nakala moja ikae nje ya mtaa, kwa ndugu au kwa wakili, kwa sababu moto na tingatinga havichagui daftari.

Tatu, mpango wa alfajiri. Nani anapiga filimbi, nani anachukua watoto, nani anabeba dawa za mama mwenye kisukari, nani anarekodi video kutoka mbali, nani anampigia wakili. Haya yakiamuliwa tingatinga likiwa limeshawasha taa, umechelewa.

Wanatuuliza: mwanakisti anaendaje kwa hakimu? Anaenda kama mtu anavyojikinga mvua chini ya paa la jirani. Hatuamini kwamba mahakama itatukomboa, na Mitu-Bell na Kariobangi zilikuwa na amri mkononi zilipoanguka. Lakini miezi mitatu ya kupumua ni miezi mitatu ya kujipanga, na mama aliye na mtoto mchanga hana anasa ya kuikataa kwa ajili ya usafi wa nadharia yetu.

Maandamano yanahitaji kibali?

Hapana. Kifungu cha 37 cha Katiba kinatoa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya Utaratibu wa Umma (Public Order Act) inataka taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, siku tatu hadi 14 kabla. Ni taarifa mnayompa, kibali hamumwombi. Mpeleke barua kwa nakala mbili na moja igongwe muhuri. Akikamatwa mtu, anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, na ana haki ya kunyamaza na kuzungumza na wakili. Andikeni namba ya wakili mkononi kwa kalamu, maana simu ndicho kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Landilodi ni adui?

Inategemea ni yupi. Wengi wa wakazi wa mabanda ya Nairobi ni wapangaji, jambo ambalo hotuba nyingi za «haki ya ardhi» hulisahau. Kuna mjane mwenye vyumba vinne vya mabati anayeishi katika cha tano, choo chake ni chetu, na mafuriko yakija yanamkuta. Na kuna mwenye vyumba mia anayeishi mbali, ambaye tunamjua kwa wakala wake anayefunga mlango kwa kufuli ukichelewa kodi wiki moja. Mjane anaketi kwenye baraza na sisi. Huyu wa pili tunajadiliana naye kama wapangaji wote kwa pamoja, kamwe sio mmoja mmoja.

Jambo hili huwa kali zaidi mradi wa kuboresha mtaa unapofika. Hati zikitolewa kwa wenye mabanda peke yao, kodi hupanda na mpangaji wa miaka ishirini ndiye wa kwanza kuhama. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila anayeleta ramani nzuri ya nyumba za ghorofa liwe: mpangaji wa leo atalala wapi, na atalipa kiasi gani?

Tupige kura au tusipige?

Hapo wanakisti wenyewe hawakubaliani. Abahlali kwa miaka walisema hakuna ardhi, hakuna nyumba, hakuna kura. Mwaka 2014 wakageuka wakahimiza kura ya kuiadhibu ANC, na uamuzi huo ukabishaniwa sana. Sisi hatumzuii mtu. Tunachokataa ni baraza kutumika kama jukwaa la mgombea. Akija na unga na tisheti, anayetaka achukue, ana njaa. Kikao kisimpe muda wa kuzungumza.

Nataka kuanza. Nianzie wapi?

Anza na kinachouma mlangoni pako. Ukiitisha kikao cha «mapinduzi» utapata wanafunzi wanne wa chuo. Ukiitisha kikao cha choo kilichofungwa na mwenyewe anayedai shilingi kumi kila mara mtoto anapohara, utapata ploti nzima. Zungumza na mlango mmoja mmoja kwanza, hasa na wale wanawake wawili watatu ambao kila mtu hukimbilia kwao panapotokea ugonjwa. Wao ndio mtaa. Kubalianeni jambo dogo linaloweza kushinda ndani ya mwezi, gawaneni kazi, wekeni siku ya kukutana tena kabla hamjaondoka, na aliyeita kikao cha kwanza asiongoze cha pili.